Fisi wa Ukurasa wa Tisa

Waliniletea kazi mwezi wa upepo,
vumbi la Chang'ombe limetua hata kwenye chai.
Mimi ni mchora vibao: saluni, bucha,
"Leo Hakuna Mkopo" na mbwa wake pembeni.
Kijana wa ofisini, shati limepigwa pasi hadi kwapani,
alifungua bahasha: kurasa ishirini na nne,
kitabu cha watoto, picha nyingi, maneno haba.
"Watoto hawapigi kura," nikasema.
"Watoto hukua," akajibu,
akahesabu malipo ya nusu.

Hadithi yenyewe hii: kuna kijiji, kuna kisima.
Wanyama wema wamekichimba, wamevaa mashati ya chama.
Kuna fisi, hana shati,
usiku anamwaga mchanga kisimani.
Basi. Fisi anafukuzwa, watoto wanapiga makofi.

Nikachora. Twiga nikampa kope,
kobe nikampa miwani.
Fisi ndiye aliyenishinda.
Mara ya kwanza kijana akamrudisha: "Ana huruma machoni."
Mara ya pili: "Meno, ongeza meno."
Mara ya tatu nimechoka, nikachungulia dirishani
nipate cha kuazima, nikaazima kofia
ya jirani yangu Ndahani, ya sufu, ncha imekunjika,
anayoivaa hata saa saba mchana
jua linapokausha mate mdomoni.

Ndahani ni wa chama kile kingine.
Ndahani pia ndiye mwenye bomba.
Siku maji yakitoka, mara mbili kwa wiki tukibahatika,
mpira wake huvuka ukuta wetu
kabla hatujapiga hodi.

Kitabu kikatoka. Nikapewa nakala tano.
Sechelela wangu, miaka sita, akasoma kwa kidole,
akafika ukurasa wa tisa, kidole kikasimama.
Hakuuliza kitu.
Jumatano mpira ukavuka ukuta,
mwanangu akausukuma kwa mguu, ukarudi ulikotoka.
"Maji yake yana mchanga," akasema.

Nikamwambia ni hadithi tu.
Nikamwambia ona, brashi ni hii, mkono ni huu,
fisi nimemtunga mimi baba yako.
"Kama ni uongo, mbona umemchora?"
Nikainama kukoroga rangi
iliyokwisha kukorogeka.

Jioni Ndahani akaja mwenyewe, kuna aliyemdokeza.
Akaomba kitabu, akakipeleka mwangani,
akakaa na ukurasa wa tisa muda wa kuchemsha ugali.
Ana meno matatu, yote upande mmoja.
"Umenirudishia meno," akasema.
Sijui kama alicheka.
Kwa mtu mwenye mapengo ni vigumu kujua.

Wiki iliyofuata wakaja wa chama chake,
nao na bahasha, nao na shati la pasi.
"Tunataka cha kwetu. Kisima kile kile, usijisumbue.
Fisi si yupo tayari? Mvalishe shati lao tu."
Tena malipo kamili, siyo nusu.
Bati la jikoni lina matundu ninayoyajua kwa majina.
Nikasema nitafikiri.
Bahasha waliiacha mezani, chini ya kopo la bluu.

Usiku Sechelela amelala kifudifudi juu ya ukurasa wa kumi na tano.
Nyuma ya kisima kuna watu wadogo,
niliwagusa kwa ncha ya brashi nafasi isibaki tupu:
kichwa nukta, mwili mstari, uso hakuna.
"Hawa ni wa chama gani?"
"Hao ni wa kujaza tu."
Akawahesabu. Kumi na mmoja.
Akatafuta penseli chini ya kitanda,
akaanza kuwatia macho, mmoja mmoja,
ulimi nje, kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano.
Alipofika wa saba umeme ukakatika.

Gizani nikasikia kitu kikikwaruza ukuta,
kisha maji, tone, tone, kwenye udongo mkavu.
Ndoo ilikuwa karibu yangu.
Nilisikiliza nani kati yetu atainuka.