Mgodi wa Pili

Mama Basilia Ccopa kaja na basi la usiku,
saa kumi za mteremko kutoka Qaqapata,
mkono kaufunga kwa kitambaa cha kubebea mtoto.
Hakulia. Aliuliza choo kiko wapi,
na kama eksirei bado ni bei ile ya mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu! Ndipo nikamkumbuka:
kifundo hiki hiki, ufa huu huu,
na leo ni Agosti, ufa ungali wazi
kama nyumba ya mtu ambaye fundi
alimwahidi kurudi Jumatatu.

Nikamlaza mkono juu ya sahani,
nikamwambia, kwa mazoea tu, usipumue.
Akacheka.
"Kwetu kule, mwanangu, hilo hatuambiwi."

Mimi si daktari.
Kazi yangu kuwasha taa nyuma ya mifupa ya watu.
Ila miaka kumi na tisa ya kutazama hufunza jicho:
mfupa wa hapa Arequipa ni mweupe, umeshiba;
wake una kijivu, una vitundu,
mwepesi kama lile jiwe la povu
tunalosugulia visigino.

Daktari Ubaldina akamchorea kwa penseli, nyuma ya risiti:
ndani ya mfupa mna wawili, mmoja hubomoa, mmoja hujenga,
maisha yote hufuatana hivyo, na ndio uzima.
Hewa ikikonda, mjenzi huketi kwanza.
Mbomoaji hana habari. Njaa ile ile
ndiyo humnoa meno.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema.
Basilia amevaa sketi nne na sweta mbili;
hiki kimezipita zote.

Na damu yake nzito, si kwa undugu:
mwili umeajiri wachukuzi, umeongeza, umeongeza,
wamejazana mishipani mabega wazi,
na mzigo wenyewe haupo.

Kule juu wanawake hawaingii shimoni,
eti dhahabu huona wivu, hukimbia.
Basi yeye hukaa nje, kwenye mawe yaliyotupwa,
nyundo mkononi, anatafuta chembe walizosahau wanaume.
Haba na haba, kibaba hakijajaa.
Ila humu ndani, haba na haba,
kibaba kinapungua vizuri sana.

"Ukae huku chini miezi mitatu," daktari akasema.
Basilia akahesabu kwa vidole vya mkono mzima:
deni la duka la Fermín, ada ya Edilberto,
zamu yake kwenye jalala la mawe, atakayeichukua.
Vidole vikaisha.
Akaomba plasta iwe nyembamba, nyundo ipate kushikika.

Nikamuuliza picha ya zamani iko wapi, tulinganishe.
Akasema ipo nyumbani, inafanya kazi:
kioo kilivunjika Mei, kwa mawe ya mvua,
akaibandika dirishani kwa gundi ya mipira.
Upepo hauingii tena.
Asubuhi jua likichomoza juu ya barafu
hupita katikati ya mkono wake, kwenye ule ufa,
likaangukia blanketi la mtoto.

"Na hii ya leo nipe," akasema.
"Dirisha la jikoni nalo lina tundu."

Nikaikunja taratibu, nikampa.
Risiti nikaandika nusu bei. Kisha, peke yangu,
nikazima taa, nikashika kifundo changu,
nikavuta pumzi, ndefu, ya bure,
nikaona haya kuitoa.