Mimi

Kliniki ya Isevya, Jumanne, foleni ya mizani.
Chizuru kaketi mkekani, soksi zake zina vidole,
Nyamizi wangu mapajani pake, miezi kumi na moja.

Anaimba kwa lugha ya kwao.
Anagusa pua ya mtoto: *hana*.
Nyuma yangu Bi Mlekwa anaguna:
"Hana nini? Pua si hiyo hapo,
ya babu yake kabisa,
pana kama mlango wa ghala la tumbaku!"
Tunacheka mpaka nesi anagonga meza.

Anashika sikio: *mimi*.
Nyamizi anashika lake. Analivuta.
*Mimi.*

Neno lake la kwanza.
Si mama, si maji,
wala lile la Kinyamwezi alilolingoja bibi yake.

Usiku umeme umekatika. Namuuliza gizani,
nani huyo analia?
"Mimi."

Sijui anajitaja
au ananionyesha sikio
nisogeze mdomo.

Nimesogea.
Maneno ya Chizuru siyajui,
nimetia yangu, ya kupepetea mpunga,
vidole vikafuata njia ileile:
pua, hana.
Sikio, ndiye yeye mzima.