Kitabu cha Adhabu

Kitabu cha adhabu kina jalada jeusi,
pembe zake zimeliwa na mende wa ofisini.
Safu ya kwanza jina, ya pili kosa,
ya tatu idadi ya viboko, ya nne sahihi ya mkuu.
Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu
hapa Mtoni Mtongani, mwaka wa sita sasa,
na mwandiko uliojaa humo ni wangu:
kuchelewa namba, kelele, kaptura chafu,
matusi, kuchelewa namba.

Alhamisi nikaandika: Pazi Abdulrazaki, la tano B.
Safu ya pili ikanigomea.

Simu ilikutwa ndani ya soksi.
Mwalimu Lwitiko aliinasa mstarini,
akainyanyua juu kama mtu aliyeua nyoka.
Watoto mia tisa wakanyoosha shingo.
Hata wasiojua, tangu hapo wakajua
kwamba kuna kitu cha kutazamwa.

Ofisini ilipita mkono hadi mkono.
“Ushahidi,” alisema Lwitiko, akiongeza mwanga.
“Hebu nione vizuri,” alisema wa hisabati,
akavaa miwani.
Wacheza ngoma, watu wazima, nguo zao jina tu.
Tulisikitika.
Tulisikitika mara ya pili,
maana video ilirudishwa mwanzo.
Na mimi niliangalia. Hilo niliandike wapi?
Kitabu hakina safu ya walimu.

Mtoto kasimama mlangoni, mikono nyuma,
anatutazama tunavyotazama.

“Nani kakutumia?”
“Siyo yangu, mwalimu. Ya mama.
Ilikuja kwenye kundi la wapangaji.
Baba mwenye nyumba ndiye anatumaga,
akishamaliza kutuma dua ya asubuhi.”
“Na shuleni umeileta ya nini?”
“Nilisema ninayo, wakaniita mwongo.
Wakasema bora hata yule wa dirishani.”

Dirishani.
Ng'ambo ya ukuta, juu ya duka la saruji na nondo,
amesimama mwanamke mrefu kuliko mlingoti wetu,
chupa ya bia imemlalia kifuani,
jicho moja limefumba, moja linatuita.
Mguuni pa bango kuna stika: ushuru umelipwa.
Kila asubuhi tunaimba wimbo wa taifa
tukiwa tumemwelekea yeye,
na mimi napita katikati ya mistari
nikikagua kucha.

Mkuu alisema vinne.
Nikasema nitampa mwenyewe.
Stoo, kati ya mafagio na madawati yaliyokatika miguu,
mtoto alinyoosha viganja kabla sijamwambia.
“Mwalimu, mama anauza vitumbua,
wateja wanalipia humo.
Nipige, ila simu irudi.”

Nilipiga viwili.
Ningependa kuwaambia sikupiga.

Jioni nikaipeleka mwenyewe,
njia ya mfereji, nyuma ya mashine ya kusaga.
Mama yake akafuta mafuta kwenye kanga,
akaipokea kwa ncha za vidole kama kaa la moto.
Nilimweleza. Alikaa kimya mpaka kitumbua kikaungua,
akakitupa pembeni, kuku wakagombana.
“Mimi hizo hupita tu,” akasema.
“Naona, napita, natafuta ujumbe wa pesa.
Nilidhani na yeye anapita.”
Kisha akaniuliza ni vingapi.
Nikamwambia viwili.
Akanifungia vitumbua vitano kwenye gazeti,
akakataa hela yangu,
na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Ijumaa, saa nne, wakati wa chai,
Lwitiko alivuta kiti karibu na changu.
“Dada,” akanong'ona, “ile video ya dogo,
kabla hujairudisha,
hukujirushia?”
Wa hisabati alicheka, kisha akaona uso wangu,
akarudi kwenye madaftari yake.

Kitabu kiko mezani kwangu.
Jina lipo. Viwili vipo. Sahihi ya mkuu ipo,
maana yeye husaini bila kusoma.
Katikati pameachwa wazi, upana wa vidole vinne.
Mkaguzi wa wilaya anakuja Jumatatu.
Kengele imelia. Nje wanapanga mstari,
wadogo mbele, wanasogezana kwa viwiko,
nyuso zao zote
zimeinuka kule kule.