Mkataba wa Miezi Sita

Tandahimba. Sehemu ya saba, kwenye simu ya Somoe
iliyoegemezwa debe la korosho.

"Kasaini ndoa kama stakabadhi ya ghalani!"
Bi Nanjota hoi kwa kicheko, vidole vyeusi
kwa mafuta ya maganda.
Mwanahawa hamtaki yule bwana:
sura nzuri, mkono wa birika.
"Hukuona alivyomfunika koti?" Asumini anamtetea.
"Miezi sita, kisha kila mtu kwao. Ndoa hiyo?"

Somoe anabangua.
Mumewe hakusaini kitu. Alisema, naenda Newala
na magunia mawili, narudi Ijumaa.
Hakutaja ipi.

Bando linakata, midomo ya wapenzi
ingali nusu shubiri.

"Nawe Somoe, ungesaini?"

"Ningesaini. Yule dada
angalau anaijua tarehe."