Nyuzi

Kazini, zahanati ya Igogo, nalinda friji la chanjo.
Asubuhi naandika, jioni naandika:
mbili isipungue, nane isizidi,
na sahihi yangu pembeni kama kuku aliyeparua.
Nikirudi Mabatini napanda ngazi katikati ya majabali,
navua viatu,
na kabla sijanywa maji napima tena.
Ua.

Ua la Usambara, majani yenye malaika
kama mkono wa mtoto mchanga.
Sayi alilinunua Kirumba kwa nauli ya wiki nzima,
akatembea kwa miguu siku tano bila kusema.
Kisha akachaguliwa kidato cha tano, Njombe,
akaniachia ua, kopo la mtindi lililotobolewa chini,
na masharti:
"Kumi na nane mpaka ishirini na nne, mama.
Joto likizidi linazimia. Likipungua linanuna."

Nani katika mji huu amewahi kuishi ndani ya nyuzi sita?

Kwao, wanasema, linaota mwambani, kivulini.
Hapa mwamba ndio adui.
Nyumba yetu imeegemea jabali,
na jabali hula jua kutwa nzima bila kutafuna,
halafu usiku, watu wakilala, linalicheua.
Saa nne ukuta wa nyuma unaweza kukausha soksi.
Nililiweka hapo wiki ya kwanza. Likalegea shingo.
Nikalihamishia dirishani, upande wa ziwa,
alfajiri upepo ukapanda kutoka majini
na harufu ya dagaa, na ubaridi wa sufuria iliyolala nje;
majani mawili yakaiva pembeni, rangi ya chai.
Juu ya kabati, bati la paa likalisema vibaya mchana.

Mama mkwe, Milembe, alikuja na michembe kutoka Magu
akanikuta nimechuchumaa.
"Nyuzi ngapi sasa?" nilikuwa najisemea.
Akadhani nashona.
Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mlango:
"Mtama wangu haujawahi kuniuliza kama kuna baridi!"
Lakini jioni nilimkuta analimwagilia
maji ya mtungini, yaliyolala, yaliyozoea chumba,
polepole, kandokando ya udongo,
asiguse jani hata moja.
Sikumfundisha mimi.

Sasa liko katikati ya sebule, juu ya stuli,
mahali pasipo na maana kwa mtu mwenye wageni.
Tunalizunguka. Fundi wa televisheni alilizunguka
na mabegi yake yote, akaomba radhi.
Mchana nafunga pazia upande wa jabali,
saa kumi nafungua dirisha, upana wa kiganja,
na joto likituama nalipepea kwa jalada la daftari.

Ndiyo, lina daftari. Safu mbili.

Saa mbili usiku simu ya matroni inanipigia.
Nyuma ya Sayi kuna foleni, nawasikia wasichana wakigugumia,
kwa hiyo hatuulizani mengi.
"Nyuzi ngapi, mama?"
"Ishirini na mbili. Na huko?"
"Tisa. Lakini nimevaa masweta mawili."
Naandika tisa.
Daftari la ua halina mstari wa tisa;
nimeuchora mwenyewe, kwa rula, chini kabisa ya ukurasa,
karibu na pale karatasi inapoishia.

Jana alisema saba.
Simu ikakatika kabla sijauliza habari za blanketi.
Nilikwenda nikaegemeza mgongo kwenye ukuta wa nyuma,
pale jabali lilipokuwa likirudisha jua la watu,
nikakaa.
Joto lote lile, la bure, la kukausha soksi,
na sina kopo la kulitia
nikalituma Njombe.