Watano Katika Sanduku la Viatu

Niliwanunua sokoni Valdivia, pale kando ya mto
simba-bahari wanapogombea vichwa vya samaki.
Watano, ndani ya sanduku la viatu namba arobaini na mbili.
Mwuzaji akaniapia: "Matetea watupu, senyora.
Kwa roho ya mama yangu."
Nikamwamini. Miaka thelathini na moja nimeshona sare za shule;
ninachojua mimi ni vifungo.

Usiku wa kwanza sikulala.
Niliwasha taa juu ya boksi, nikaizima, nikaiwasha,
nikiogopa kuwachoma, nikiogopa kuwagandisha.
Saa tisa wakanyamaza, nikajua wamekufa.
Walikuwa wamelala tu, wamelundikana
kama soksi zilizotoka kuanuliwa.

Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura.
Sawa. Na mwenye kuku, je?
Mimi nilihitaji kufunzwa kila kitu:
kwamba sahani ya maji hutiwa kokoto wasizame;
kwamba mavi yakiganda nyuma huoshwa kwa pamba
na maji ya uvuguvugu, na kifaranga wakati huo hukutazama
kana kwamba wewe ndiye uliyekosa adabu.

Banda nililitengeneza kwa kabati la marehemu shangazi Clorinda,
lile la mlango wenye kioo. Kioo sikukitoa.
Nolberto, jirani, alicheka juu ya ua hadi akakohoa:
"Watajitazama hao, wataota majivuno."
Kesho yake akaja na nyundo, hakusema neno,
akapigilia waya pande zote,
akazifukia ncha zake ardhini kina cha mkono.
"Kuna kicheche hapa, mwembamba kama utepe.
Panapopita vidole viwili, anapita."

Sikusikia. Yaani nilisikia,
ila niliacha mwanya chini ya mlango, upana wa rula.
Wiki ya tisa nikakuta manyoya, na wanne.
Niliushona ule mwanya kwa waya na koleo,
mishono midogo midogo, kama pindo la sketi,
na mshono wa mwisho nikaurudia mara tatu.

Kisha mvua. Ya huku hunyesha Mei, Juni, Julai
bila hata kumeza mate.
Ngano inapanda bei, nawalisha. Yai? Hakuna.
Mayai nanunua dukani, nayaficha chini ya mkate,
nikipita mbele ya banda
kama mume aliyechelewa kurudi.

Na yule mwekundu, niliyempa jina la Ermelinda,
asubuhi moja ya Agosti alipanda juu ya ndoo,
akanyoosha shingo,
akatoa sauti ya bawaba yenye kutu.
Siku ya pili bawaba ikapata mafuta.
Siku ya tatu mtaa mzima ukaamka.
Roho ya mama yake yule mwuzaji na ilale, ikiweza.

Nolberto akaniletea kisu, kimefungwa kwenye gazeti.
Kikakaa mezani siku nne.
Siku ya tano nikakatia vitunguu.
Ermelinda bado anawika. Jina sikulibadili; analiitikia.

Septemba, jua likaanza kuchelewa kuzama.
Nilikuwa natafuta koleo kwenye kikapu cha viraka,
mkono ukagusa kitu chenye joto.
Buluu.
Buluu iliyochuja, kama shati la sare
lililofuliwa miaka mitatu na mama mwenye bidii.
Huku si ajabu. Kuku wa Wamapuche hutaga hivyo tangu zamani,
nami nimeyanunua kwa dazeni, nimeyala, sikuyatazama.
Lakini hili lilikuwa halijapoa.

Nikalishika mpaka likapoa.
Ndipo nikazunguka ua, nikabisha kwa Nolberto,
nikamrudishia kisu chake kinachonuka kitunguu,
na yai.
Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.
"Moja tu?"
"Moja," nikasema, nikavuta kiti.
"Injika sufuria."