Bunda Chini ya Kitanda

Kiwanda kilipokuwa hai, Webuye nzima ilinuka mayai viza
na wasafiri wa barabara kuu walifunga madirisha.
Sisi tulivuta pumzi.
"Hiyo," baba alisema, "ni harufu ya karo."

Alisimama miaka kumi na tisa kwenye mashine nambari mbili.
Sikio lake moja lilifia huko, la kushoto.
Hadi leo, ukitaka kumwomba kitu,
kaa kulia kwake.

Alijua mti kwa rojo lake:
huu msonobari, huu mkaratusi,
huu umekatwa ukiwa mchanga, una maji.
Siku ya kufungwa walimpa barua.
Aliisoma mara moja, kisha akaiinua kwenye jua la mlangoni,
akaipapasa ukingoni kwa kidole gumba.
"Hii," alimwambia mama, "tuliipitisha sisi."
Hakusema kingine hadi Jumapili.

Mimi nafanya kazi ya masanduku.
Si ya mbao.
Kampuni, sijui iko wapi, hunitumia picha za miji ya watu,
nami nachora kisanduku kuzunguka kila kitu,
gari, mbwa, mtoto, nguzo, mti,
ili gari lisilo na dereva lijifunze kumkwepa mtoto.
Malipo ni senti. Mtoto na nguzo bei yao moja.

Usiku baba huja na kikombe chake, husimama nyuma yangu.
"Msimamizi wako ni nani?"
Hakuna, baba.
"Nani anajua umefika kazini?"
Mashine.
"Na king'ora?"
Hakuna king'ora.
Anafikiri.
"Sasa mji utajuaje ni saa nane?"

Mara moja ilikuja picha ya kisiki
kando ya lami, kimevaa theluji kama povu la sabuni.
Swali: Huu ni mti? Ndiyo. Hapana.
Nilimwita. Aliinama hadi pua ikagusa kioo,
kana kwamba angeweza kunusa.
"Waambie ulikuwa."
Hakuna kitufe cha ulikuwa.
Nikabonyeza Hapana,
na ukungu wa pumzi yake ukabaki kidogo pale kwenye kioo.

Mwezi wa tano, Jumanne, nilikuta mstari mmoja:
Akaunti hii haipo.
Kosa halikutajwa, wala jina.
Niliandikia dawati la msaada. Likanijibu kwa adabu nyingi,
nyingi mno, nikajua si mtu.
Pengine adabu yenyewe niliifundisha mimi.

Masanduku elfu arobaini na moja, mia mbili na sita.
Idadi ninayo, kwa sababu tangu siku ya kwanza
baba alivuta kutoka chini ya kitanda bunda la karatasi
alilonunua kwa bei ya mfanyakazi wiki ile ya mwisho.
Limekuwa manjano kingoni, panya wamekula pembe.
Kila jioni aliniwekea karatasi moja kando ya kompyuta.
"Andika."
Nilidhani ni uzee. Niliandika kumridhisha:
tarehe, picha ngapi, saa ya kuanza,
saa umeme ulipopotea, saa uliporudi.

Sasa zimejaa meza.
Sitawa wa nyumba ya pili ameleta zake, za daftari la mwanawe,
nyuma ya hesabu za kugawanya.
Wanjala wa Misikhu alihifadhi zote kwenye simu,
na simu iliibwa sokoni.
Tuko saba. Kuna wakili Bungoma, wanasema, anayesikiliza watu.
Sijui tutamshtaki nani. Hata jina la mlango hatuna.

Baba hajamfikiria wakili bado.
Amechukua karatasi ya juu kabisa,
imejaa mwandiko wangu pande zote mbili,
ameinyanyua kwenye balbu.
Anatafuta kitu mle ndani, nyuma ya tarakimu,
midomo inacheza bila sauti.
Nazunguka kiti, nahamia kulia kwake,
nimuulize anaona nini.